Nilipofunga Ili Nisizeeke

Aliyenizeesha ni askari wa benki.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, laini imetoka mlangoni ikazunguka hadi kwa muuza viatu, na mimi nimesimama humo kama watu wengine. Askari akaja moja kwa moja hadi nilipo, akanishika kiwiko kwa adabu zote, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mji wa Soy: "Shosho, wewe usisumbuke kusimama. Pita hapa mbele." Miaka hamsini na mmoja! Sina mjukuu hata wa dawa. Nilipita mbele, maana laini ilikuwa ndefu na mimi si mjinga, lakini nilipita nimevimba kama andazi. Nikahudumiwa haraka, nikatoka bila kumwambia mtu asante.

Mimi ni mtu wa mdomo, wanaonijua watakwambia. Ni karani wa shule ya sekondari nje kidogo ya Eldoret, kwenye barabara ya kuelekea Kesses, na kwa miaka mingi nimewarudishia wazazi fomu zao kwa kukosa sahihi moja tu. Walimu wenyewe hukohoa kwanza kabla ya kuingia ofisini kwangu. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyefika nyumbani jioni ile, akajifungia bafuni, akavuta ngozi ya shingo mbele ya kioo, akaiachilia, akaivuta tena.

Katika chama chetu cha akina mama kuna rafiki yangu ambaye siku hizo alikuwa ameanza kuuza vidonge vya kurudisha ujana. Uso wake ulikuwa unang'aa, sikatai. Hata mimi ningeng'aa kama ningepaka mafuta yote yale. Nilipomsimulia habari ya askari hakucheka, na hapo ndipo aliponipata.

"Wewe hujazeeka, mpenzi," akaniambia. "Ni seli zako zimechoka."

Seli! Mara ya mwisho kulisikia neno hilo nilikuwa nimevaa sare ya shule. Akanieleza mpango wenyewe: unakaa saa kumi na nane bila kutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Unakula kuanzia saa saba mchana mpaka saa moja jioni, basi. Vidonge viwili unavimeza na tonge la kwanza. Siku ishirini na moja, halafu utajionea. Ati ukikaa na njaa mwili unaanza kujila wenyewe, na unaanza na ile sehemu iliyozeeka.

"Mwili unajuaje hapa ni uzee na hapa ni nyama nzuri?" nikauliza.

"Aki wewe na maswali yako," akasema, akanipa chupa.

Hilo ndilo lililokuwa jibu lote. Na mimi, ninayerudisha fomu kwa kukosa sahihi, nikaingia boksi, nikadanganyika mzima mzima. Leo nikikumbuka naona haya, kwa sababu upumbavu ule nusura unipokonye mama yangu.

Mama naishi naye. Nilimtoa nyumbani, upande wa magharibi, baada ya baba kufariki, ili awe karibu na kliniki, kwa kuwa ana ugonjwa wa sukari. Ana miaka sabini na minane. Kila asubuhi anameza tembe yake kisha anakunywa uji mzito wa wimbi usiotiwa sukari, na juu yake kipande cha kiazi kitamu au yai. Hivyo ndivyo alivyoagizwa kliniki: tembe na chakula, visiachane. Kuku wake wanne anawafuga nyuma ya jiko, na hao huongea nao zaidi kuliko anavyoongea na mimi.

Siku ya kwanza ya mpango wangu alinikuta nafunga viatu bila kugusa kikombe.

"Hunywi chai leo?"

"Nimefunga, Mama."

Akasimamisha mwiko. "Siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Na unafungua saa ngapi?"

"Saa saba."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni jambo zito."

"Zito kabisa," nikamjibu, nikicheka moyoni, maana mimi nilikuwa nafikiria shingo. Nikamjazia uji kwenye themosi, nikaondoka kwenda kazini.

Wacha niseme ukweli kuhusu kufunga kwangu. Sketi ililegea kidogo, hilo sitalidanganya. Lakini kufikia saa nne asubuhi kichwa kilikuwa kinagonga, na mdomo ambao tayari ulikuwa mkali ukazidi. Nilimfokea naibu wa mwalimu mkuu kwa sababu ya stepla. Nilianza kunusa mandazi ya kantini kupitia ukuta wa mawe. Na shingo? Kila jioni naivuta mbele ya kioo, na kila jioni inarudi pale pale ilipokuwa.

Jirani yetu wa nyumba ya pili, mwenyeji wa huku, ni mkimbiaji. Amekimbia kwa zaidi ya miaka ishirini na bado yuko barabarani kabla jua halijachomoza. Asubuhi moja nilimkuta amerudi, ameketi kwenye ngazi na sahani ya ugali wa jana na kikombe cha chai ya maziwa kikubwa kama sufuria ndogo. Nikamuuliza kama wanariadha hawafungi, maana rafiki yangu aliniapia kwamba wanafunga.

"Nani, mimi?" akashangaa. "Mama, mimi na njaa tuliachana nikiwa mtoto. Sasa nianze kuitafuta tena?"

Nilimwona hajui sayansi. Nikaenda zangu.

Siku ya tisa nikasahau vidonge nyumbani. Sharti lilikuwa vimezwe na tonge la kwanza, kwa hiyo saa sita na nusu nikaomba ruhusa, nikachukua bodaboda, nikarudi. Nimevisema vibaya vidonge vile na nitaendelea kuvisema, lakini haki ni haki: nisingevisahau siku ile, ningefika nyumbani saa kumi na moja jioni nikakuta mambo mengine.

Mama alikuwa sakafuni jikoni, ameegemea kabati. Kitambaa cha kichwa kimelowa jasho, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi ile yetu ya kuvaa sweta mbili. Nilipomwita aliniangalia kama mgeni, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kisha akaanza kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilipiga mayowe. Sijui niliita nani. Nilichojua tu ni kwamba mama yangu anakufa na mimi bado nimeshika ufunguo wa mlango.

Jirani ndiye aliyeingia. Alimpiga jicho moja tu.

"Si ana sukari? Imeshuka. Tia sukari kwa maji, haraka!"

Kwanza akamketisha vizuri, akahakikisha anaweza kumeza, kisha tukamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko, nusu ikimwagikia kifuani. Hata kabla kikombe hakijaisha akaniita kwa jina langu. Haki ya nani, sijawahi kusikia jina langu likiitwa vizuri namna ile. Jirani akambeba hadi kwenye gari lake kuukuu, lenye gunia la viazi vya kutoka Burnt Forest kwenye kiti cha nyuma. Tukaviteremsha pale pale uwanjani, tukaenda hospitali.

Walimchoma kidole, wakamwekea dripu, na baada ya muda macho yake yakatulia. Nesi aliyekuwa zamuni alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mpole kuliko nilivyostahili. Akavuta kiti.

"Mama, leo umekula nini?"

"Sijakula bado," Mama akasema. "Niko kwa maombi."

"Na dawa?"

"Dawa nimemeza. Dawa si chakula."

"Umefunga tangu lini?"

Mama akaninyooshea kidole. "Tangu huyu aanze. Leo ni ya tisa. Tunafungua pamoja saa saba, yeye kule kazini na mimi hapa."

Nani asiyejua mambo ya kanisa letu? Mwanzo wa kila mwaka tunafunga siku ishirini na moja. Mtu akikwambia amefunga, humuulizi anaombea nini. Hiyo ni siri yake na Mungu. Lakini kama ni mtu wako unamshika mkono: unafunga naye kimyakimya, siku zile zile, saa zile zile, bila kumwambia, asije akaona umembebea mzigo. Mama alisikia "nimefunga" akaelewa kama anavyoelewa kila mwenye akili zake kwetu. Neno nilitamka mimi. Siku, nilitaja mimi. Hata saa ya kufungua nilimpa mimi. Na ule uji niliokuwa nikikuta umeisha kwenye themosi, nikamsifu kwa kumaliza, ulikuwa unaliwa na kuku.

Nesi akanivuta kando, Mama asitusikie. "Haya, na wewe. Mnaombea nini cha kumfanya mgonjwa wa sukari afunge?"

Ningesema nini? Shingo? Nikafungua mkoba, nikampa chupa ya vidonge, maana hata katika hofu ile nilikuwa nimekumbuka kuitia mkobani. Akainua miwani, akasoma mbele, akageuza nyuma, akasogea dirishani asome yale maandishi madogo ya chini.

"Hapa wenyewe wameandika kwamba hii si dawa na haitibu kitu chochote," akasema. "Angalau ni waaminifu."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama basi huko kufunga kwenyewe ni uongo. Hakunidharau. Akasema kuna watu hupungua uzito wakila kwa saa chache, kwa sababu mwishowe wamekula kidogo, na mtu mzima asiye na ugonjwa aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari. "Lakini habari ya kurudisha ujana mimi sijaiona. Na ningekuwa nimeiona, unadhani ningekuwa na uso huu?" Akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, watu wa vitanda vya pili wakatugeukia.

Namshukuru nesi yule mpaka leo. Angeweza kunivua nguo mbele ya mama yangu na hakufanya hivyo. Namshukuru jirani, ambaye nilikuwa nimemwona hajui sayansi. Nilipompelekea kuku mmoja wa shukrani alimrudisha, akisema Mama atamhitaji. Nawashukuru hata waliolima miwa iliyotoa ile sukari ya kikombe. Yule rafiki yangu wa chama alikuja kumwona mgonjwa na maziwa lita mbili na kitenge kipya, akanisikiliza nikimfokea kuanzia mlangoni hadi sebuleni. Bado anauza. Bado ni rafiki yangu. Hatuongei habari za seli.

Lakini kwa Mama bado sikuwa nimekiri. Siku mbili nilizunguka naye nyumbani, nikimpimia uji, nikisimama hapo hadi amalize, na kila nikifungua mdomo nashindwa. Mimi, ambaye naibu wa mwalimu mkuu ananiogopa! Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Tumeketi jikoni, mlango wa nyuma uko wazi, jua la asubuhi limeingia hadi miguuni mwake. Nikajikaza.

"Mama, mimi sikuwa na ombi."

Akaendelea kupuliza uji.

"Sikuwa nimefunga kwa Mungu. Nilikuwa nimefunga nisizeeke. Mtu aliniita shosho, nikakasirika. Ni hilo tu. Nisamehe, Mama. Ulitaka kufa kwa ajili ya shingo yangu."

Nilingoja anipe yangu. Nilistahili, na ningeipokea. Yeye akaweka bakuli mezani, akanyoosha mkono, akanigusa hapo hapo shingoni, pale ngozi inapokunjika, akapapasa taratibu kwa kidole gumba kama anayetafuta uzi kwenye kitambaa. Sisi tulizaliwa watatu. Kaka yangu na dada yangu wote walifariki kabla ya kufika arobaini, na katika nyumba yetu hilo halitajwi ovyo.

"Mimi sikujua unataka nini," akasema. "Na huwa hatuulizi. Siku zote tisa nilikuwa naomba kitu kimoja tu. Nilisema, Mungu, hawa wawili hawakufika. Huyu mzeeshe."

Nikalaza kichwa mapajani mwake, nikalia hadi uji ukapoa.