Keki ya Kukubali Matokeo

Kaka yangu Patroba Mogaka ana mdomo. Simsemi kwa ubaya. Mama yetu kule Nyamira, Kenya, alikuwa akituambia kwamba mtoto huyu alizaliwa akilalamika na hajapumzika tangu siku hiyo. Anaendesha foklifti katika ghala moja la Grand Prairie, huku Texas. Mchana kutwa anapanga maboksi, na jioni akirudi nyumbani anatupanga sisi kwa maneno. Mke wake ni mpole, na Mungu amjalie kila mwenye mdomo mke wa namna hiyo. Wana binti mmoja, Kezia. Na zamani Patroba alikuwa na rafiki mmoja, Nderitu.

Nderitu ni Mkikuyu wa Nyeri, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Yeye na Patroba walianza kazi ghalani pamoja na waliishi karibu, kwa hiyo wakawa wanakwenda kwa gari moja. Kila alfajiri Patroba alisimama mbele ya nyumba ya Nderitu, akapiga honi mara moja, fupi, na Nderitu akatoka na thamosi ya chai ya wote wawili. Walibishana njia nzima. Walibishana kuhusu mpira, kuhusu mchungaji, kuhusu kama ugali wa unga wa Wameksiko ni ugali au ni adhabu. Kezia alikulia mezani kwa kina Nderitu, na Wanjohi, kijana wa Nderitu, alikua akivunja vikombe vyetu.

Halafu ukaja mwaka wa 2017, Kenya ikapiga kura. Texas hakukuwa na kituo cha kura hata kimoja, lakini hilo halikumzuia mtu kushinda wala kuibiwa. Upande wa Nderitu ukatangazwa kuwa umeshinda urais, na upande wa Patroba ukaenda Mahakama ya Juu. Ndani ya lile gari Patroba alitaka seva ya tume ya uchaguzi ifunguliwe. Kila siku, seva! Mtu ambaye nywila ya simu yake anawekewa na binti yake. Na kila aliposema seva, Nderitu alimimina chai, akapuliza, akamjibu kwa maneno yaleyale: "Accept and move on." Yaani kubali matokeo, tuendelee na maisha. Kila Mkenya anayajua maneno hayo. Aliyeshinda huyatamka akitabasamu, na aliyeshindwa hupandwa na presha.

Mahakama ilifuta uchaguzi sisi huku Texas tumelala. Patroba aliamka, akasoma simu, akavaa kiatu kimoja na kukimbilia gari. Alipofika kwa Nderitu hakupiga honi mara moja. Aliiegemea kwa kiwiko na hakuiachia. Wiki hiyo Houston ilikuwa chini ya maji kwa sababu ya tufani, na jirani mmoja Mzungu alitoka na nguo za kulalia akiuliza kama maji yamefika na kwetu. Nderitu alitoka na thamosi yake mkononi. Alimtazama Patroba, akarudi ndani, akafunga mlango. Siku hiyo alikwenda kazini kwa gari la mke wake, na ya pili, na ya tatu.

Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa kumi. Upande wa Patroba ukaususia, na upande wa Nderitu ukashinda tena, mbio za mtu mmoja. Jioni yake Patroba akakuta boksi la supamaketi mlangoni. Ndani mlikuwa na keki nyeupe, na juu yake, kwa krimu ya kijani, palikuwa pameandikwa ACCEPT AND MOVE ON.

Mtu mwingine angeitupa. Kaka yangu aliipeleka gereji, akaitia kwenye friza chini ya miguu ya mbuzi. "Siku yake itafika," akasema. Hatukuruhusiwa kuigusa. Kila Krismasi tulitoa mbuzi, tukaisalimu keki, tukafunga friza. Mwaka uliofuata Nderitu akapata leseni ya unesi, akahamia Stafford, kule karibu na Houston. Aliondoka bila kuaga.

Watoto hawakuwa na habari na mahakama ya mtu. Kezia alikwenda chuo Houston, na nadhani unajua alikutana na nani. Mwaka 2020, katikati ya korona, akamwambia baba yake kwamba anataka kuolewa na Wanjohi. Patroba alinyamaza chakula kizima, jambo lililotutia hofu sote, kisha akasema mtoto hana kosa. Sherehe ya mahari ikapangwa nyumbani kwake, Jumamosi ya kwanza ya Novemba.

Aliyepanga tarehe hiyo hakuwafikiria Wamarekani. Walipiga kura Jumanne, na hadi Ijumaa walikuwa bado wanahesabu. Tulikuwa tumesikia kwamba Nderitu amepata kanisa jipya huko Stafford na kofia nyekundu ya wafuasi wa rais aliyekuwa madarakani, na kwamba wiki hiyo yote alikuwa akiwaandikia watu kwenye simu kuwa kura zinaibwa, zihesabiwe upya, watu waende mahakamani. Patroba naye alikuwa raia mpya. Alikuwa amepiga kura maktaba, akalia machozi alipopewa stika ya kuonyesha amepiga kura, na sasa alikuwa anahubiri kwamba matokeo yaheshimiwe. Seva hakuitaja hata mara moja. Mungu akitaka kukuchekesha hana haja ya kwenda mbali.

Kezia alimjua baba yake. Usiku wa kuamkia sherehe alimkalisha jikoni.

"Dad, promise me. Hayo maneno usiyaseme kesho. You say it, wataingia kwa magari na warudi Stafford. Unamjua Mr. Nderitu."

"Naapa mbele ya Mungu."

"Apa mbele ya friza, Dad."

Patroba alitazama pembeni. Kisha akaapa.

Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, televisheni zikamtangaza mshindi, na hakuwa yule wa Nderitu. Patroba alikuwa nyuma ya nyumba anachoma mbuzi, na tabasamu lake lingeweza kuichoma nyama bila mkaa. Mimi niliingia gereji kutafuta sufuria, nikaikuta keki juu ya meza, inayeyuka taratibu. Niliifunika kwa sufuria, nikaomba.

Wageni walikuwa wameipata habari kwenye redio ya gari, katikati ya njia. Kwa desturi walipaswa kuimba langoni hadi tuwafungulie. Hawakuimba. Nderitu alishuka na kofia yake nyekundu na barakoa ya buluu, akatusalimu kwa kiwiko mmoja mmoja kama mtu aliyekuja kwenye kilio. Alipofika kwa Patroba, viwiko viligusana na macho hayakukutana. Hata hivyo wazee wa pande zote mbili waliingia sebuleni, wakaongea mambo ya mahari, wakatoka bila damu. Nikaanza kupumua.

Ikabaki desturi ya kumtambua bibi harusi. Desturi hii ni ya kina Nderitu, na wao ndio waliosisitiza ifanywe. Wanawake kadhaa hufunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, wanasimama mstari, na bwana harusi anatakiwa kumshika mkono wake. Akikosea anachekwa na kutozwa faini. Kazi ya mashangazi ni kumtatanisha kijana, na mimi ni shangazi mwenye bidii. Niko kimo kimoja na Kezia. Nilivaa raba zake nyeupe zenye kamba za waridi, nikampa yeye viatu vyangu vya kazini, nikajifunika, nikasimama wa tatu.

Wanjohi alipita mstari mara moja, akazitazama raba, akaushika mkono wangu kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu marehemu mume wangu. Leso ikafunuliwa. Alikuta mjane wa miaka hamsini na tatu mwenye magoti mabovu.

"Mimi nimekubali," nikasema. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nderitu hakucheka. Alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Hapana! Viatu vimebadilishwa! Huu ni wizi wa mchana. Hatutambui haya matokeo. Irudiwe!"

Kicheko kikakatika. Hakukuwa na mtu pale asiyeijua habari ya honi na keki. Mke wa Nderitu alijifunika uso kwa kipochi. Nderitu mwenyewe nadhani aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka, kwa maana alitoa funguo za gari mfukoni.

"Sema basi, Patroba," akasema, na sauti ya taarifa ya habari ilikuwa inatetemeka. "Umengoja kusema tangu asubuhi. Sema, mimi niende."

Kezia aliinua pindo la leso na kumtazama baba yake. Patroba akaweka koleo la nyama chini, akachukua kisu, akaingia gereji. Nilimfuata na raba zangu za wizi.

Nilimkuta ameiinamia keki. Krimu ilikuwa imelainika lakini maneno yalisomeka vizuri.

"Kaka, ni mtoto wako."

"Miaka mitatu, Truphosa. Miaka mitatu nimemwekea hii. Na leo amejileta mwenyewe, na kofia juu! Mungu ataniuliza kwa nini sikuitumia."

"Mungu ana kesi nyingine. Unataka nini hasa? Kumshinda?"

Nilipomtazama nikaona macho yamemjaa.

"Unajua tangu ahame nasafiri na nani kwenda kazini?" akasema. "Na redio. Redio haijibu. Naitukana inaendelea tu kuimba."

Kisha akaanza kukwangua. Alianza na ACCEPT, akamalizia na ON, na kila herufi aliipangusa kwa kitambaa cha gereji kama mtu anayefuta damu. Mikono yake ikawa ya kijani hadi kwenye vifundo.

Alirudi uwanjani ameibeba keki kwenye boksi lake, chini ya sufuria. Akaiweka mezani, akasimama mbele ya watu, akaweka sauti ya jaji.

"Mimi ndiye mahakama hapa. Nimesikiliza malalamiko ya upande wa Stafford. Viatu kweli vilibadilishwa, na mwizi ni dada yangu, yule pale. Uchaguzi umefutwa. Urudiwe sasa hivi, na waangalizi wasogee."

Kwanza hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka. Kisha mke wa Nderitu akapiga kigelegele kimoja kikali, na uwanja ukalipuka. Tulijipanga upya. Wanjohi alipopita mstari, Kezia hakutaka kubahatisha tena na akamkanyaga mguu waziwazi. Hakuna aliyelalamika kwamba kura haikuwa ya siri.

Nderitu alikuwa bado amesimama na funguo mkononi. Patroba alifunua sufuria, akakata kipande cha keki, akampelekea mdomoni kwa mkono wake, jinsi tunavyowalisha wakwe. Nderitu alilitazama boksi. Akaitazama ile keki iliyokwanguliwa juu, na vidole vya kijani.

"Ni ile?"

"Ni ile."

"Hukuila?"

"Kesi ilikuwa haijaisha."

Nderitu alivua kofia, akashusha barakoa, akala. Ilikuwa na ladha ya barafu na mguu wa mbuzi. Najua, kwa sababu nilionja. Aliitafuna yote polepole, akaimeza.

"Siku ile ya honi," akasema, "nilikuwa nimetoka kukwambia hongera. Nilikuwa nimeweka tangawizi, vile unapenda. Halafu ukaniaibisha mbele ya mtaa mzima. Chai yako niliimwaga kwa sinki, Patroba. Iliniuma sana kuimwaga."

Kaka yangu mwenye mdomo alijipangusa uso kwa mkono uleule na kuupaka wote kijani.

"Thamosi iko wapi?" akauliza mwishowe.

"Iko kwa gari."

"Wewe ulitoka Stafford na thamosi?"

"Ningekuja bila chai kwako?"

Mpiga picha alipowatafuta wazazi wa pande mbili, hawakuonekana. Niliwakuta mbele ya nyumba, ndani ya gari la Patroba, vioo vimefungwa, kila mmoja na kikombe. Patroba alikuwa kwenye usukani ijapokuwa gari haliendi popote. Walikuwa wanapigiana kelele kuhusu kura za barua, nani kaiba, nani ahesabu upya, na Patroba alikuwa amechukua kofia nyekundu na kuikalia. Kezia aliniuliza kama aende kuwaamua.

"Waache," nikamwambia. "Wako njiani kwenda kazini."

Ndipo honi ikalia, mara moja, fupi. Aliyeipiga alikuwa Nderitu.