Taa Nyekundu ya Shemeji Taimur

Bi Ghadir alitoka Mkwaja akiwa mwari, akaolewa Tanga katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanja cha ndege, njia ya kwenda Pongwe, na tangu siku hiyo hakuwahi kukubali kwamba mtaani pana nyumba nzuri kuliko yake. Mumewe Muhanad alikuwa mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, mtu mpole asiyependa maneno. Alipofariki alimwachia mkewe nyumba hiyo, binti mmoja aitwaye Shadya, na shemeji, Taimur, mdogo wake marehemu, aliyekaa ukuta kwa ukuta upande wa pili.

Ugomvi wa wazi haukuwapo. Walipeana mkono wa Idi na kuulizana hali. Ila Taimur akitia marumaru barazani, Bi Ghadir alitia marumaru mpaka kwenye banda la kuku. Bi Ghadir akiweka geti la chuma lenye nakshi, Taimur aliweka la kufunguka lenyewe, ambalo umeme ukikatika lilimfungia ndani. Alipokuwa hai, Muhanad ndiye aliyewapoza. Baada yake walibaki wao wawili na mafundi wao.

Ndipo Taimur alipopandisha ghorofa ya tatu. Juu yake akasimamisha mnara wa tangi la maji, na juu ya mnara mlingoti wa antena, apate kutazama mbio za ngamia kutoka Omani bila chenga. Hakumuuliza mtu. Haukupita muda mrefu wakaja watu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bi Ghadir aliwachungulia dirishani wakipima, wakazungumza na Taimur kwa adabu, wakaenda zao. Mlingoti ukapunguzwa, na baada ya siku chache ikawaka juu yake taa nyekundu iliyoonekana hadi barabara kuu.

Watu walipouliza, Taimur alijibu kwamba ile ni taa ya serikali, haiwekwi kwenye nyumba ya kila mtu. Lilikuwa neno la kweli kabisa, na ndilo lililomnyima Bi Ghadir usingizi.

Akamwita fundi Kombo, akamtaka amjengee mnara wa tangi. Kombo alimweleza kwamba tangi lilipo panatosha, maji yanashuka vizuri. Bi Ghadir akamwambia hajamuuliza habari za maji. Mnara ukapanda, mwembamba, na tangi likakaa kileleni kama kofia iliyoazimwa. Kasoro ilikuwa moja: pampu ya nyumba haikuwa na nguvu ya kufikisha maji kule juu. Basi Bi Ghadir, mwenye tangi lililoonekana mtaa mzima, akawa anakoga kwa ndoo. Hakulalamika. Alijifunga buibui jipya, akaenda ofisi ya Mamlaka pale kiwanjani, akasema amekuja kuomba taa yake.

Waliokuwa ofisini walitazamana, lakini maombi ni maombi. Wiki iliyofuata alikuja ofisa mmoja, Praxeda, dada mwembamba wa miwani, pamoja na mwenzake Innocent aliyebeba kipimo chenye miguu mitatu. Bi Ghadir alikuwa amewaandalia visheti, kahawa ya tangawizi na halua, na amefukiza udi mpaka Innocent akapiga chafya.

"Shikamoo, mama," Praxeda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pimeni kwa nafasi. Msiogope kwenda juu."

Walipima mbele, wakapima nyuma. Kisha Praxeda akaketi, akaeleza kwamba karibu na kiwanja cha ndege hata hewa ina mpaka wake. Ni kama sinia lililoinamishwa: karibu na njia ya kurukia mpaka huo uko chini, na kadiri unavyokwenda mbali unapanda. Ndiyo maana mtu anayejenga huku hutakiwa kuuliza kwanza, na kazi ya Mamlaka ni kuhakikisha ndege inashuka bila kugusa paa la mtu. Nyumba ya mama ilikuwa bondeni kidogo. Mnara wake haukufika kwenye mpaka, kwa hiyo hauhitaji taa.

Bi Ghadir aliisikia sehemu moja tu ya maelezo hayo.

"Mimi niko chini?"

"Chini ya mpaka, mama. Ni jambo zuri."

"Na yule pale?" Akaelekeza kidevu ukutani.

Praxeda akasita, kwa kuwa hakupenda kusema habari za mtu kwa jirani yake. Akajibu kwa jumla tu kwamba taa nyekundu si zawadi. Huwekwa juu ya kitu ambacho sheria inakiita kikwazo, ili rubani akione mapema, hasa wakati wa mvua na giza.

Bi Ghadir akaweka kikombe chini taratibu. "Kinaitwaje?"

"Kikwazo, mama."

"Na hilo ni neno la serikali?"

"Ndilo neno lenyewe."

Akainuka, akaingia jikoni, akawafungia wageni halua yote iliyobaki.

Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imefika sokoni. Bi Ghadir hakumtukana mtu. Alieleza sheria tu, kwa yeyote aliyesimama. Kwenye harusi ya jirani aliieleza mara tatu. Muuza kahawa akaanza kumwita Taimur Bwana Kikwazo, kwanza kwa siri, halafu usoni. Taimur aliyasikia, akapanda juu akaizima taa.

Taa ikakaa siku kadhaa bila kuwaka. Bi Ghadir aliihesabu hiyo kuwa ushindi, mpaka siku moja, baada ya alasiri, Shadya alipopiga simu kutoka Unguja, alikoolewa, kusema yuko kiwanjani na mtoto wake mchanga, na ndege yao ya kuja Tanga iko karibu kuondoka.

Bi Ghadir alitoka uani kuanua nguo, akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa milima ya Amani, zito na jeusi, na mvua ilianza kudondoka. Mlingoti wa Taimur haukuonekana tena vizuri. Akayakumbuka maneno ya yule dada wa miwani, yote sasa, hata yale aliyokuwa ameyaruka. Akatupa nguo, akatoka na kanga kichwani, akaligonga geti la shemeji yake kwa ngumi zote mbili, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na geti halikutaka kufunguka.

Taimur alimsemesha kwa ndani. Alimuuliza amefuata nini kwa kikwazo.

"Washa taa, Taimur."

"Ya nini? Umesema ni aibu."

"Nimesema mengi. Shadya yumo ndani ya ndege na mjukuu wako."

"Si ungeanza na hilo?" Taimur akasema, na Bi Ghadir akasikia kandambili zikikimbia. Mzee yule wa magoti mabovu alipanda ghorofa tatu ameshika kikoi mkononi, akawasha mtambo wake wa umeme, na taa ikawaka katikati ya mvua, nyekundu kabisa. Bi Ghadir alisimama njiani akiitazama, analowa, anasoma dua. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile, ingawa baadaye alikana kusema hivyo.

Ndege ilishuka salama. Walikwenda kuipokea pamoja katika gari la Taimur, wote wawili wamelowa, wakibishana njia nzima Shadya ataanza kula kwa nani. Shadya mwenyewe hakuwa ameona taa wala mvua. Alikuwa amelala toka walipopaa. Alipotoka akawakuta mama yake na ami yake wamesimama bega kwa bega, akamkumbatia mtoto kifuani.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mwanangu," Taimur akasema, akimpokea begi. "Mama yako alikuwa anakaribia kufa, kule getini kwangu."