Meza Moja Melini

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipokuwa akifungua duka, mimi nilifungua ofisi ya safari pale Tukuyu mjini, na naapa hakuna aliyezijua meli kuliko mimi. Nilikuwa na vitabu vya picha vya kampuni mbili zinazopeleka watu kaskazini ya mbali, kutazama misitu na milima ya barafu.

Siku moja akaja Andulile, anayefanya kazi Kanada, pamoja na mkewe. Alitaka kuwapeleka kwenye barafu hiyo mkewe na baba yake mzazi. Mzee mwenyewe alibaki nje, barazani.

"Achaneni na meli kubwa," nikawaambia. "Chukueni hii ndogo. Inapita karibu kabisa na barafu, na abiria wote wanakula meza moja!"

Andulile akakohoa. Mkewe akainama. Nikadhani nimewakosha.

"Mzee atakaa hapa, mkamwana wake pale," nikaendelea, nikigonga picha kwa kalamu. Kisha nikatoka, nikamshika mzee mkono, nikamvuta ndani ajionee.

Yule dada alijifunika khanga kichwani, akazama chini ya meza yangu. Mzee akageukia ukutani. Hapo ndipo nilipokumbuka: kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani, sembuse kula pamoja.

"Gwe kijana," mzee akauliza huku akiutazama ukuta, "wewe ni mtoto wa wapi?"

Mimi, mzaliwa wa Kinyala, jirani tu na Tukuyu, niliyejisifu hivyo hadi kwenye kibao cha ofisi, nikajibu kwamba kwetu ni Dar es Salaam.