Bibi Alipokuja Kumchukua Mwanafunzi Wangu wa Sello

14 Novemba 1978. Asubuhi ukungu, baadaye jua.

Leo nusura nimpoteze Anisia, mwanafunzi wangu wa sello, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti.

Bibi yake alitoka kijijini Nyamiaga kuja kumchukua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe mwalimu unayemkalisha msichana miguu wazi mbele ya watu?"

Mimi mwenyewe, mwanamke, nimepiga sello kanisani nikikaa hivyo miaka kumi na mmoja.

Anisia hakuacha kupiga. Ulikuwa wimbo wa kumuaga kanisani Jumapili kaka yake, anayekwenda vitani.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akavua kitenge alichojitanda, akamfunika magoti.

"Rudia. Na Jumapili ujifunike hivi hivi."

Nami nimetafuta kitenge changu.

Saa tatu na nusu usiku, nalala.