Somoe Alikaa Eda Angani

Mtwara mjini wengi wanamwita Mama Anga. Jina lake ni Somoe binti Shafii, na kwao ni Kitaya, kule ambako ukisimama shambani unawasikia watu wa ng'ambo ya Ruvuma wakiitana kana kwamba wako uani kwako. Mzee Shafii alikuwa na mikorosho, mihogo, na jaruba la mpunga bondeni ambalo mto ulilimeza kila ulipojisikia. Somoe hakuwa mtoto wa kutazama nyota. Alipenda mashine. Pampu ya kisima cha shule ilipoharibika alimkalia fundi ubavuni mpaka akafukuzwa, na kesho yake akarudi.

Mashine ndizo zilizomtoa kijijini. Alisoma bweni Mtwara mjini, akaenda Dar es Salaam kusomea uhandisi, kisha akarudi kufanya kazi kwenye mitambo ya gesi ya Ghuba ya Mnazi. Baadhi ya mabomba yalipita chini ya bahari, na wa kuyakagua ilibidi azamie. Wenzake walikuwa wakitegeana. Somoe akajifunza kuzamia, akawa anakwenda yeye. Aliweza kukaa katika giza la chini, ameshikiliwa na kamba moja, akifungua na kufunga nati kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele.

Yeye na Hashimu walikutana hukohuko majini. Alikuwa askari wa hifadhi ya bahari, na siku hiyo aliisimamisha boti yao akidhani ni wavuvi wa baruti. Akaamuru mfuko ufunguliwe. Somoe akamfungulia, akamwonyesha spana moja baada ya nyingine, akimtajia kazi ya kila moja bila kucheka, mpaka Hashimu mwenyewe akaomba radhi. Mwaka uliofuata walioana. Walijenga mtaa wa Ufukoni, Mtwara mjini, kwenye kiwanja cha mama yake Hashimu, Bi Mwanahamisi, ambaye Hashimu alikuwa mwanawe wa pekee.

Mungu hakuwajalia mtoto. Mimba mbili ziliharibika. Baada ya ile ya pili, Bi Mwanahamisi alimfunga mkwewe kanga tumboni kwa mikono yake, akampikia uji, na tangu hapo shangazi yeyote aliyeuliza habari za wajukuu aliondoka nyumba ile amejuta kuuliza.

Kisha shirika moja la ng'ambo likatangaza kuwa linatafuta wanaanga kutoka nchi ambazo hazijawahi kumpeleka mtu. Lilitaka wahandisi waliozoea kufanya kazi chini ya maji, kwa kuwa mtu anayetoka nje ya chombo angani hufanya kazi kama mzamiaji: amevaa mavazi mazito, anaelea, na pumzi yake ameibeba mwenyewe. Somoe aliomba, akaitwa, akapimwa, akaitwa tena. Habari zilipofika Kitaya, ndugu walikuja Ufukoni kumkalisha Hashimu chini. Walimwambia mke si wa kuachiwa aende mahali ambapo hata ndege hafiki, na kwamba neno la mume linatosha kulimaliza jambo hilo. Hashimu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikitoka na boti kwenye mawimbi, yeye hanizuii," aliwajibu. "Na mimi simzuii."

Mafunzo yalichukua miaka. Somoe alirudi kila likizo, amekonda, na maneno mapya ya Kirusi na Kiingereza mdomoni, na kila mara Hashimu alimpokea uwanja wa ndege na kumpeleka moja kwa moja kula pweza wa nazi kwa mama. Walizoea ndoa ya simu. Wakati mwingine walikaa wote kimya, kila mmoja akisikiliza nyumba ya mwenzake.

Roketi iliporuka, mwezi wa Januari, Ufukoni walitandaza shuka jeupe kwenye ukuta wa madrasa ili watu wote waone. Somoe alikuwa Mtanzania wa kwanza kwenda angani. Vijana walipiga ngoma mpaka jasho likawatiririka. Bi Mwanahamisi aliuona moto ukitoka chini ya chombo, akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka Hashimu alipomgusa bega na kumwambia kuwa mkwewe amefika salama.

Kule juu Somoe alifanya kazi vizuri. Alitoka nje ya kituo cha angani kutengeneza kipoza joto kilichokuwa kimekorofisha, na mkuu wa safari akasema hajaona mikono iliyotulia kiasi kile. Kila kituo kilipopita juu ya Afrika Mashariki, alijisogeza dirishani. Aliutafuta kwanza mto: mstari wa rangi ya chai ya maziwa, mafungu ya mchanga katikati, kisha mdomo wake unaomwaga tope baharini, na kando yake rasi ya Msimbati, nyembamba kama ukucha. Alipiga picha nyingi, akawa anamtumia Hashimu. Na kila alipompigia simu, Hashimu alianza kwa utani uleule: "Unaniona?"

Mwezi wa Aprili, kimbunga kilijikunja baharini kaskazini ya Madagaska, kikaanza kuja pwani. Mamlaka zilitoa tahadhari mapema. Shule zilifungwa, vyombo vikavutwa nchi kavu, na Hashimu na wenzake wakapewa kazi ya kuwatoa wavuvi waliopiga dago, kambi yao ya uvuvi, kwenye kisiwa kimoja kidogo cha ghuba. Somoe alikiona kimbunga kabla hakijafika kwao, na akakiona tena kila walipozunguka. Alipopata nafasi ya simu, alimpata Hashimu ufukweni Msimbati. Upepo ulikuwa unaingia kwenye simu.

"Unaniona?"

"Naona wingu tu," Somoe alisema. "Limewafunika nyote. Watu wa kisiwani mmewatoa?"

"Wengi tumewatoa. Wamebaki wachache, wameng'ang'ania nyavu zao. Nakwenda kuwafuata."

Simu ya kituoni huchelewesha sauti kidogo, na katika kule kuchelewa Somoe alikuwa na neno ulimini: usiende. Alilishika, akaligeuza, likamshinda kutoka. Mtu yule hakuwahi kumwambia yeye asiende, hata ukoo mzima ulipomkalisha kitako ili aseme.

"Vaa jaketi lako la kuelea," alisema.

"Nimevaa."

"Hashimu."

"Naam."

Mawasiliano yakakatika hapo. Kituo kilikuwa kimeshapita.

Habari alipewa na mkuu wa safari, aliyeomba wenzake wengine wasogee upande wa pili. Boti ilikuwa imepinduka mlangoni mwa mwamba, upenyo ambao boti hupitia kuingia ghubani, wakati wa kurudi. Waliokuwa ndani walishikilia ubavu wake mpaka wakasukumwa ufukweni, wote isipokuwa Hashimu. Watu wa Msimbati walimkuta asubuhi, upepo ulipopungua, mikokoni. Somoe aliuliza kama ni yeye kweli. Mkuu wa safari akasema mama yake amemtambua.

Kule juu machozi hayadondoki. Hujikusanya machoni kama gamba la maji, mtu asione kitu, mpaka ayafute kwa kitambaa. Somoe hakuyafuta. Mwenzake mmoja ndiye aliyekuja kumfuta, kimyakimya, kama mtu anavyomfuta mgonjwa.

Hashimu alizikwa alasiri hiyohiyo. Barabara ya Kitaya ilikuwa imekatika, lakini Mzee Shafii alitembea mpaka alikopata pikipiki, akafika mavazi yamemgandama mwilini. Somoe aliomba asikie. Baba yake akasimama kando ya kaburi na simu mkononi, amefungua spika, mvua ikipiga mwavuli alioshikiwa. Somoe alisikia imamu akisoma, akasikia majembe, akasikia mtu akikohoa. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya mbao, simu ikakatika. Walipozunguka tena na kupita juu ya Mtwara, alijikaza dirishani. Palikuwa na wingu.

Ilibaki miezi miwili ya kazi, na hapakuwa na chombo cha kumrudisha peke yake. Alimpigia mama mkwe, akamuuliza afanyeje, maana mjane hukaa nyumbani kwa mumewe, naye hana njia ya kufika. Bi Mwanahamisi alikuwa ameshamuuliza shehe.

"Anasema eda inahesabiwa tangu siku aliyofariki," alimwambia. "Mahali habari ilipokukuta ndipo ukae. Na huko uliko, mwanangu, hutoki hata ukitaka."

Basi akakaa. Alivua vipuli alivyopewa na Hashimu, akaviviringisha kwenye soksi. Alivaa ovaroli ya bluu isiyo na nembo. Aliomba asionyeshwe kwenye vipindi vya moja kwa moja na shule, na wenzake wakavifanya bila yeye, wakisema tu kwamba Somoe yuko kazini. Na kweli alikuwa kazini. Alibadilisha vichungi, alipima damu za wenzake, alifunga nati. Kituo kilipokaribia kupita juu ya kwao, wenzake walimwachia nafasi dirishani, lakini yeye hakwenda tena. Wiki za mwisho hakuutazama mto hata mara moja.

Aliporudi duniani, mwili wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyebebeshwa gunia. Alijifunza kutembea upya, ng'ambo, akishikwa mikono na wauguzi. Nyumbani yalikuwa yameandaliwa mapokezi: msafara, matarumbeta, wanafunzi wenye bendera barabara nzima kutoka uwanja wa ndege. Aliwatumia ujumbe kuwa yeye ni mjane na eda yake haijaisha, na wenye mapokezi wakaelewa. Gari lilimleta Ufukoni kimya kimya. Watu waliojua walikuwa wamesimama kwenye milango yao, hawakupiga vigelegele. Bi Mwanahamisi alimpokea barazani. Walishikana, na kwa kuwa miguu ya Somoe ilikuwa bado haijapata nguvu, yule mzee ndiye aliyemshikilia asianguke.

Siku zilizobakia alizikaa katika chumba alicholala na Hashimu. Wageni wa serikali na wa magazeti walisimama barazani, wakapewa chai, wakaambiwa mwenyewe haonekani.

Mmoja tu aliruhusiwa kuzungumza naye, naye alisema akiwa barazani, pazia limeshushwa, Bi Mwanahamisi ameketi mlangoni. Alikuwa Ismaili, mvuvi wa wale waliobaki kisiwani. Alisimulia polepole, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimakua. Walikataa kutoka safari ya kwanza kwa sababu ya nyavu. Hashimu aliporudi hakuwagombeza. Aliwapakia, akaziacha nyavu, na mlangoni mwa mwamba wimbi likaizima mashine. La pili likaipindua boti.

"Mimi sikuwa na jaketi," Ismaili alisema. "Nimelileta, shemeji."

Pazia halikutikisika. Kisha Somoe akasema kwa sauti ya chini, "Aliniambia amelivaa."

"Alikuwa amelivaa. Alinivika mimi, tukiwa majini."

Ismaili akaliweka jaketi sakafuni karibu na mlango, akasema hawezi kuendelea kulala nalo ndani ya nyumba yake. Bi Mwanahamisi aliliokota, akalipakata, akapitisha kidole kwenye zipu.

"Nalo likae hapa," alisema. "Wewe nenda ukalee watoto wako."

Eda ilipokwisha, wanawake wa mtaa walikuja kumwogesha Somoe na kumvika kanga mpya. Waliondoka mchana. Somoe na mama mkwe wakabaki uani, wakimenya mihogo. Ndipo Bi Mwanahamisi alipouliza jambo ambalo hakuliuliza siku zote zile.

"Hicho kimbunga ulikiona. Kilikuwaje?"

Waandishi walikuwa wamemtumia swali hilohilo, na hakulijibu. Sasa aliweka kisu chini.

"Kilikuwa kizuri, mama," alisema. "Cheupe, kinazunguka taratibu, katikati kuna tundu la bluu. Niliita wenzangu waje waone. Nilikuwa nimekwishakipiga picha kabla sijakumbuka kuwa kiko juu yenu."

Bi Mwanahamisi aliendelea kumenya muhogo aliokuwa nao mpaka ukaisha, akautia kwenye beseni. Hakumtazama.

"Hashimu naye alipenda bahari ikichafuka," alisema hatimaye. "Tangu mdogo. Nilikuwa namfungia ndani, anachungulia tunduni."

Ndipo Somoe akalia, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia angani wala barazani, na kilimtoka kwa muda mrefu. Majirani walisikia, hawakuja. Machozi yalidondoka kwenye maganda ya mihogo. Bi Mwanahamisi alimwacha alie.

Lile shirika lilimwita tena, kwa safari nyingine. Alishukuru, akakataa. Alirudi kwenye mitambo ya gesi, na baada ya madaktari kumruhusu, akarudi kuzamia, katika ghuba ileile. Mzee Shafii alikuja mara mbili kutoka Kitaya kumchukua binti yake, akisema mjane asiye na mtoto hana la kufanya kwa wakwe. Mara zote mbili alirudi peke yake, na mfuko wa samaki wakavu aliopewa.

Hajaolewa tena. Vile vipuli bado viko ndani ya soksi. Wanafunzi huja kumwona Mama Anga, naye huwaeleza kuhusu roketi na kuhusu mto unavyoonekana kutoka juu, kwa upole, bila kurefusha. Wakija hayupo, Bi Mwanahamisi huwapokea. Wakimuuliza ana watoto wangapi, husema anaye mmoja, wa kike, amekwenda kazini.