Siku Mama Mkwe Aliponitaja

Hapana, hapo sikubali. Unasema mwanamke aliyevunja miiko ni yule tunayemsikia redioni tu, aliyekimbia mpaka akavishwa medali, au yule aliyeapishwa bungeni watu wakapiga makofi. Sawa, hao nawapigia saluti, sina neno nao. Lakini ukiniambia mama mkwe wangu ni "mama wa vyoo tu", na wenzako wakacheka huku wanamimina kahawa, ujue tutagombana. Juzi pale kijiweni Mwembesongo nilikaribia kumrushia mtu kikombe kwa neno hilo. Nilijizuia, na si kwa subira, maana subira sina. Ni kwamba ukitaka kumtetea yule mama inabidi usimulie, na ukisimulia inabidi useme na wewe ulikuwa wapi siku ile. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Masikio yanawaka mpaka leo.

Basi nasimulia. Shule sikufika mbali. Kusoma nimejifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia nyanya sokoni, na kuandika vilevile, kwa hiyo usitafute Kiswahili cha ofisini humu.

Sisi Waluguru, kwa asiyejua, ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Ukioa huku milimani, mara nyingi unahamia kwao mwanamke, unalima shamba la ukoo wao. Ndivyo nilivyopanda juu ya Bigwa nikajenga kibanda changu nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Alikuwa mjane, mkulima wa kabichi na karoti, shingo imenyooka kwa kubeba matenga kichwani tangu usichana wake. Na mkwe, bwana, ni mtu wa kuogopwa. Huli naye, hukai naye barazani, humtazami usoni. Akitokea njiani unaingia migombani, unageukia pembeni, unaamkia majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Basi, anapita. Neno lolote zaidi ya hapo lilipitia kwa mke wangu, hata kama tunasikiana.

Sasa fikiria habari ya choo. Marehemu baba mkwe alichimba choo kizuri nyuma ya jiko, lakini kimoja, na njia yake inapita mbele ya mlango wa mama. Wewe kijana ushike kopo la maji upite pale, yeye amekaa anachambua mboga, anajua kabisa unakwenda kufanya nini? Afadhali kufa. Mimi nilikuwa napanda juu, kwenye vichaka vya kule kijito kinakotokea. Wala si peke yangu. Wakwe wote wa upande ule tulikuwa na vichaka vyetu. Asubuhi tunapishana kwenye ukungu, mmoja anajifanya katoka kuangalia mitego, mwingine kakata kijiti kimoja anasema anatafuta kuni. Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyelisema.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipohamia mjini kwa mwanawe, watu wakamchagua mama mkwe ashike kiti. Ndiye aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa mifereji ya maji, hata wanaume walikuwa wanamfuata, ila wanamfuata kwa kujificha. Kule kwetu juu hakukuwahi kutokea balozi mwanamke kabla yake. Jirani yetu mmoja, mzee mshona viatu, alikuwa amekitamani kile kiti muda mrefu. Mzee mcheshi, sitamsingizia, ukikaa naye mbavu zinauma. Lakini jambo lile lilimkaa rohoni.

"Sasa mgambo wakija kutukamata," akawa anasema, "tutajificha nyuma ya kanga ya balozi?"

Nilishagombana naye kwa hayo zaidi ya mara moja. Mke wangu akiniuliza kwa nini nimerudi na shati limechanika, nilimjibu, "Muulize mshona viatu."

Ndipo ukaja ugonjwa wa kuhara katika vijiji vya chini. Katibu kata akatoa agizo: kila nyumba iwe na choo kimoja, na kila balozi asimame mbele ya watu wake, wanaume kwa wanawake, aseme wazi nani ana choo na nani anakitumia. Balozi atakayeshindwa ataachia kiti, watu wachague mwingine palepale. Mshona viatu alifurahi mpaka akaacha kazi. Kwenye zile nyumba kumi wakwe tulijaa, na mwanamke yeyote wa kwetu, atasimamaje mbele ya mkwe wake ataje choo? Hata neno lenyewe halitoki. Mzee akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza: "Njooni wote, hasa nyie wakwe. Agizo la serikali hilo."

Jioni kabla ya mkutano mke wangu alikuja kukaa karibu nami.

"Mama ana neno," akasema.

"Lipi?"

"Anasema kesho ukae mbele. Na aseme atakalosema, usiondoke."

"Mimi niondoke? Kwani mimi nani? Atakayeondoka ni yule mshona viatu, tena kwa mateke."

"Hajakutuma kumpiga mtu. Amesema ukae."

"Nitakaa."

"Wakwe wenzio wanakuangalia wewe. Ukinyanyuka na wao wananyanyuka, mkutano umevunjika, na kiti kimekwenda. Apa."

"Naapa. Nisipokaa usinipikie tena."

Akanitazama kwa huruma. Nilidhani ananihurumia kwa matusi ya mzee. Sikujua.

Tukakutana nje ya godauni la kijiji, pale panaponuka mbolea. Katibu kata kaja na suti yake ya Kaunda, kawekewa kiti. Wanawake upande mmoja na watoto wao mgongoni, wanaume upande wa pili. Nilikaa benchi la mbele kama nilivyoapa, lakini upande upande, uso nimeuelekeza ukutani, maana mkwe amesimama pale. Wakwe wenzangu nyuma yangu nao hivyohivyo. Ungetukuta ungesema tumekuja kukagua ukuta.

"Ndugu wananchi," mama mkwe akaanza, "agizo lililoletwa linahusu usafi."

"Usafi upi, balozi?" Mshona viatu huyo. "Wa vyombo? Wa masikio? Hapa tuko watu wazima, tueleze."

Watu wakacheka.

"Usafi wa mazingira."

"Mazingira ni makubwa, mama. Yanaanzia wapi yanaishia wapi?"

Wakacheka tena, na safari hii hata wanawake, wameziba midomo kwa kanga. Nilikunja ngumi. Katibu kata akakohoa, akasema, "Balozi, lisome agizo lilivyo. Jua linakwenda."

Mama mkwe akaifunga kanga upya kiunoni. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akamnyonyesha, agizo bado halijasomwa. Nikasema moyoni, kiti kimekwenda. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Nyumbani kwangu choo kipo," akasema. "Alikichimba marehemu. Tunakitumia mimi na binti zangu. Mkwe wangu hakitumii. Ni huyu aliyekaa mbele. Ana haya nami, na mimi nina haya naye. Kila asubuhi anapanda kule juu ya kijito kujisaidia, na mimi nashuka chini yake kuchota maji. Mvua ikinyesha yanateremka. Ndugu zangu, mtanisamehe. Tunakunywa mavi ya wakwe zetu kwa ajili ya heshima."

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Nilisikia damu inapanda kutoka kifuani, shingoni, inajaa masikioni mpaka nikawa sisikii vizuri. Niliona kila mtu pale ananiona nimechuchumaa kichakani, katibu kata ananiona, hata watoto wa mgongoni wananiona, na yeye, mama wa mke wangu, ndiye aliyefunua kichaka. Wewe hujui aibu kama hiyo. Kuna aibu ya kukamatwa umeiba, kuna aibu ya kulewa ukaanguka. Zile ukioga zinapungua. Hii nilitamani mlima ushuke unifunike.

Nyuma yangu benchi likalia. Mkwe mmoja amenyanyuka, akaokota jembe lake, akaenda. Wa pili akamfuata. Magoti yangu yalishaanza kunyanyuka yenyewe, bila kuniuliza. Nikayashika kwa mikono miwili.

Mshona viatu akainama kwangu, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Mwanangu, bado umekaa tu? Mkweo amekuvua nguo."

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu. Mimi ninayejibishana mpaka na mpiga debe wa stendi ya Msamvu. Nilitafuta tusi, nikatafuta hata mzaha.

"Nimekaa, babu," nikasema. Basi, hayo tu.

Mama mkwe akaendelea, sasa sauti imesimama. "Kosa si lao. Agizo linasema nyumba moja choo kimoja, na aliyelitunga hana mkwe. Mimi nasema viwili. Cha wakwe kiwe upande wa pili wa nyumba, kiwe na njia yake, mlango utazame mlimani. Mtu aende na arudi bila kuamkiana na mtu."

"Na changu kizungushiwe matete," bibi mmoja akadakia, "maana nimechoka kukohoa humo ndani kila nikisikia mtu anapita." Hapo ndipo watu walipocheka, na kicheko kile kilikuwa kama mtu ametua mzigo.

Lakini mshona viatu hakukubali. Alisimama akasema balozi ametukana watu wazima hadharani, na yeye anataka uchaguzi. Katibu kata akasema haya, pangeni mstari, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Zamani zile ndivyo tulivyopiga kura.

Unaona balaa lilivyonifuata? Mkwe hasimami nyuma ya mgongo wa mama mkwe. Wanawake walishapanga mstari mrefu nyuma yake, nikaenda mkiani kabisa, tena nikageuka nisimwone hata kisogo. Na kwa kugeuka hivyo nikawa nautazama mstari wa mshona viatu.

"Yule ananitazama mimi," mzee akasema. "Huyo wangu. Mhesabuni huku."

"Wewe kijana," katibu kata akaita, "uko mstari gani?"

"Wa huku."

"Huku wapi? Kwa nani?"

Watu wote wananisubiri. Jina la mkwe halitajwi. Kumwita balozi ingetosha, lakini siku ile neno lilinitoroka, likatoka lingine, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto: "Kwa mama mkwe."

Alibaki na kiti, na si kwa kura yangu, wanawake walikuwa wengi. Mmoja wa wale wakwe walioondoka alikuwa amesimama kwenye kona ya godauni anasikiliza. Akarudi, akasimama nyuma yangu, naye kageuka pembeni, hatukuangaliana. Yule mwingine hakurudi, na mpaka leo hanisalimii.

Kesho yake alfajiri nilikuwa nachimba. Mke wangu akaja na kuku mtetea, miguu imefungwa. Kwetu ukimvunjia mkwe heshima unamlipa.

"Mama anasema alikukosea, pokea."

"Mwambie hakunikosea kitu."

"Ukikataa ni kama umemwambia hajalipa. Pokea." Kisha akasema, bila kunitazama, "Jana baada ya mkutano alikwenda nyuma ya godauni akatapika. Tangu hapo hajala. Anasema kila akifumba macho anajisikia akilisema lile neno."

Nikabaki nimesimama ndani ya shimo na kuku mkononi. Muda wote ule nilikuwa nawaza masikio yangu tu, yalivyowaka. Sikuwahi kujiuliza yeye aliyelitoa neno kinywani lilimfanya nini. Na mimi ndiye ninayejiita mtetezi wake.

Yule kuku sikuweza kumla. Nilimwachia mke wangu amfuge.

Siku hizi ukipita kwetu kila nyumba yenye mkwe ina vyoo viwili, na njia mbili, na wageni wa mjini wanashangaa wanasema hawa watu wana raha gani. Mama mkwe bado ni balozi. Wanawake wa sokoni walinipa jina, wakiniona nashuka na matenga wanauliza, "Mkwe wa balozi, leo umepitia njia ipi?" Mwanzo nilipigana. Sasa nacheka nao, kicheko cha meno tu. Na akitokea njiani bado naingia migombani, naamkia majani, tena siku hizi naingia ndani zaidi. Yeye aliruka ukuta ule wa haya mara moja, mbele ya watu wote, akaumia, akakaa kitini akaendelea na kazi. Mimi bado niko upande huu. Namtetea kila kijiwe cha Morogoro, lakini sijawahi kumwambia ahsante. Nitamwambiaje, wakati hata kumtazama siwezi?

Basi wewe uliyecheka, na wewe unayesoma ukidhani ushujaa ni mpaka upewe medali: mama mkwe wako kesho akisimama mkutanoni akayataja mavi yako mbele ya kijiji kizima, utabaki umekaa?