Kemshafti Aliyoichagua Mama

Nakumbuka asubuhi moja pale Nyahanga, mjini Kahama, nikiwa kijana wa miguu isiyotulia. Leo Geita, kesho Mhunze. Nyumba yangu hasa ilikuwa pikipiki. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, ya silinda mbili, yenye masanduku ubavuni na kiti cha nyuma kipana kama cha kumkalisha mkwe. Niliipenda, mwanangu. Hata sasa nikisikia ya namna ile ikipita barabarani, chai yangu hupoa.

Ila ilikuwa imechoka. Ikikutana na mlima ikiwa na mzigo, ilikohoa na kutaka kuzima. Fundi Maduhu akaifungua, akatoa kemshafti, ule mhimili wenye vinundu unaoziamuru valvu zifunguke na kujifunga. Vinundu vilikuwa vimelika. "Hii imemaliza kazi yake, Shija," akasema, akaweka mezani nyingine mbili. "Chagua."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda hapo gereji. Alikuwa ametoka Mhunze na mfuko wa mchele, ili nimpeleke kwa dada yake, kijiji kimoja mbele ya Ushirombo. Akipanda basi alitapika, kwa hiyo kwa miaka mingi ndugu hao walisalimiana kwa simu tu. Na alikuwa ameniambia wazi: "Ukinifikisha, sawa. Ukiniacha kwenye tope, sipandi tena hilo dude, na dada yangu nitamwona mbinguni."

Maduhu akainua ya kwanza. "Hii inaacha valvu wazi muda mrefu. Ukiwa kwenye mwendo mkali injini inapumua mpaka raha, inapaa. Lakini ikizunguka taratibu, pumzi inatoroka kabla haijabanwa. Hii ya pili inafunga mapema. Huko juu haitakupa sifa, ila inavuta toka chini kama maksai."

"Nipe ya kupaa," nikasema.

"Unapaa kwenda wapi? Wewe ni kunguru?"

Mama akamuuliza Maduhu kutoka kigodani, "Baba, hicho chuma ndicho kinachoviambia vingine wakati wa kufanya kazi?"

"Ndicho, mayu," Maduhu akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi ni mpiga ngoma."

Maduhu akaweka spana chini. Mimi nilitaka kucheka, lakini mama hakuwa na utani.

"Kwetu tulilima kwa ngoma," akasema. "Safu nzima, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Baba yangu alimfukuza mpiga ngoma mmoja hodari sana. Alikuwa anawapigia vijana wa mbele. Asubuhi shamba lilichangamka. Jua lilipopanda safu ikakatika, wengine tukabaki nyuma tumeegemea mipini. Akaletwa mwingine, asiye na mbwembwe. Huyo alitazama kwanza jembe la mwisho, ndipo akapiga. Tulimaliza shamba tukiimba. Sasa Shija, kwenye hilo dude lako, jembe la mwisho ni nani?"

Akawahi kujibu Maduhu: "Ni wewe, mayu. Wewe na huo mchele wako."

"Na kuku," mama akaongeza.

Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Kwa majembe nakubali. Kwa kemshafti, siku ile nilimwona mwanamke ambaye hajawahi kushika spana akichagua vizuri kuliko mimi niliyelala na kuamka na injini. Tukafunga ile ya pili.

Tulipoacha lami mbele ya Ushirombo, mvua ilikuwa imepita kabla yetu. Mbele yetu mlima, na tope jeusi linalonata kama ugali wa muhogo. Mkono wangu ukawashwa kupiga resi. Hapo nikahisi kiganja cha mama mgongoni: tu... tu... tu... taratibu. Nikaufuata mdundo wake. Gia ya pili, injini ikiguna chini kabisa, bila kukohoa hata mara moja, na gurudumu likishika ardhi kama kwato. Katikati ya mlima kijana mmoja alikuwa amekwama, pikipiki yake inalia kwa resi na kurusha tope hadi kwenye miti. Mama akampigia kelele tukimpita: "Pole baba! Punguza ngoma!"

Mama yangu mkubwa, ambaye kule kijijini kila jirani alimwita shangazi, alisikia mngurumo akatoka nje. Wale wazee wakakumbatiana, wakakataa kuachiana, kuku akiwa amebanwa katikati anapiga kelele. Mama akaninyooshea kidole juu ya bega la dada yake. "Huyo ndiye Shija. Na ile ndiyo ngoma yake."

Nimezunguka sana baada ya hapo, na sijasifiwa hivyo tena.

Mwanangu, ukienda kununua kemshafti utatajiwa kwanza mwendo. Waache waseme, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jiulize unapita njia gani, umebeba nini, na nani amekaa nyuma yako. Nguvu ya kila siku iko chini, pale unapoachia klachi mlimani na mzigo mgongoni. Na siku ukipewa watu wa kuwaongoza, nyumbani au kazini, litafute kwa macho jembe la mwisho kabla hujapiga ngoma.

Mungu akupe njia ndefu na pumzi ya kuimaliza. Na kila unayembeba ashuke akiwa na nguvu ya kumkumbatia aliyemfuata.